Mikoko Niliyoing'oa

Harufu ilinifikia kabla sijaiona bahari. Nyumba ya Bibi ilikuwa imejaa watu wa arobaini yake, ubani unafuka, mimi nimesimama mlangoni nimeshika viatu mkononi, na upepo ukageuka. Ukaleta lile tope la mikokoni: kama yai lililokaa siku nyingi, kama msumari uliolowa, kama chumvi. Binamu yangu aliyetoka Dar akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Mimi mate yakanijaa mdomoni. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeshikwa na njaa akinusa tope, lakini chaza wangu wa kwanza nilimla nikiwa nimezama ndani ya tope hilo mpaka magotini, na tangu siku hiyo pua yangu na tumbo langu havijaachana.

Nilikuwa na miaka minane, au ndivyo mama anavyosema. Mimi nakumbuka kwa kipimo kingine. Zilikuwa enzi za rambo. Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka ile mifuko ya plastiki. Mwanzoni mtu akipewa dukani aliikunja na kuiweka chini ya godoro kama hati ya kiwanja. Halafu ghafla ikawa kila mahali, kwenye michongoma, kwenye nyaya, kwenye matumbo ya mbuzi. Redio ilisema soko huria, mitumba ikashuka kwa marobota, na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba kikapata mwenyewe mpya. Kila wiki baba alirudi na habari ileile: "Hakifungwi. Tumehakikishiwa." Aliisema akila, aliisema akivua viatu. Siku moja aliirudisha nyumbani pamoja na sare yake, kikombe chake na kufuli la kabati lake la kazini, na hakwenda tena.

Hapo ndipo nilipojiwekea sheria ambayo imenifukuzisha kwenye madarasa mawili ya chuo kikuu na kunikosesha mchumba mmoja: neno la mtu mzima ni neno tu, mpaka uone kwa macho yako.

Mama akabaki Dar akikaanga maandazi, baba akahangaika na vibarua, na mimi nikapakiwa kwenye basi kwenda kwa Bibi, mama yake baba, Kilwa Masoko. Tulipofika Nangurukuru nilikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Bibi alikuwa pale njia panda, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, anabishana na muuza mayai. Aliponiona hakunikumbatia. Alinizunguka mara moja, kama anayenunua mbuzi.

"Huyu ndiye mke mwenzangu?" akamwuliza kondakta. "Mbona wamemleta mbichi?"

Basi lote likacheka. Mimi nikalia. Dar sikuwa nimezoea bibi anayekuita mke mwenza.

Bibi alikuwa Mmwera aliyeolewa pwani akiwa msichana, na hata baada ya miaka yote ile alizungumza na bahari kama mtu anayezungumza na wifi: kwa heshima, lakini bila kuiamini. Bahari ilikuwa imeanza kula mtaa wetu. Watu walikuwa wamekata mikoko kwa boriti na kuni, biashara ya boriti ilikuwa imechangamka, na mawimbi yaliyokuwa yakivunjikia mbali sasa yalifika karibu na kisima. Maji ya kisima yakaanza kuwa na ladha. Si chumvi hasa, bali kama mtu alilia ndani yake. Kina mama wa mtaa wakakaa, wakasema yatosha, wakaanzisha siku ya mikoko.

Siku hizi mambo kama yale yana jina refu, semina na fulana. Wakati ule hayakuwa na jina. Yalikuwa yanafuata mwezi tu. Kila bamvua, pale maji yanapotoka sana na kuacha ufuko mtupu mpaka mbali, saa nne asubuhi ya siku isiyo ya shule, mtaa mzima uliteremka. Na nasema mzima. Kina mama walibeba vikapu vya ukili vilivyojaa mbegu za mkoko, watoto tukabeba fujo zetu, na kina baba wakabeba masufuria, kwa sababu sheria ya kina mama ilikuwa hivi: aliyekata mikoko asiiguse tena mpaka ajifunze kupika. Basi wanaume wakasimama juu ya mchanga wakipika wali wa nazi na pweza, wakigombana kuhusu maji ya wali, nasi tulio topeni tunawazomea. "Unaungua huo! Jamani, nanusa!" "Panda miti yako huko!" Wali uliungua kila bamvua. Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Nilikuwa nimeambiwa nitakwenda kijijini kuchota maji na kulala mapema. Hakuna aliyeniambia kuna siku ambayo watu wazima huteleza matopeni na kuanguka kwa makalio, na watu wazima wengine wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeniambia kuhusu mbio za topeni, ambazo mshindi wake si anayefika kwanza bali anayefika na kandambili zote mbili. Hakuna aliyeniambia kuhusu mpira. Kila mtoto aliyetoka mikokoni alitakiwa atoke na rambo zilizonaswa kwenye mizizi, na rambo zile tulizisokota, tukazifunga kwa kamba ya mnazi, tukapata mpira mzito uliodunda vizuri kuliko wa dukani. Mtu mzima aliyethubutu kuja na mbegu zake ndani ya rambo badala ya kikapu alipakwa tope mpaka masikioni. Mwalimu wa dini alipakwa. Alikuja bamvua iliyofuata na rambo nyingine, na nina hakika alifanya makusudi.

Kila nyumba ilikuwa na mstari wake. Mwanzo wa mstari ulichomekwa kijiti chenye kipande cha kanga ya mwenye nyumba, na kipande chetu kilikuwa cha kanga ya Bibi ya rangi ya manjano. Alinikabidhi mbegu. Nyinyi msioijua: haifanani na mbegu. Ni kitu kirefu kama rula ya shule, kijani, chembamba, kimechongoka chini kama kalamu, na juu kina kofia.

"Ncha chini, kichwa juu," Bibi alisema, akaizamisha theluthi yake topeni kwa pigo moja. "Haya."

Nikaipanda ya kwangu. Tukazitazama. Vijiti viwili.

"Mizizi iko wapi?" nikauliza.

"Itatoka."

"Lini?"

"Ikitaka."

"Sasa utajuaje kama imetoka na iko ndani ya tope?"

"Utaona majani."

"Na kama majani yasipotoka?"

Bibi akanyoosha mgongo. "Mama Sesilia!" akaita mstari wa jirani. "Njoo umchukue huyu mtoto, anataka kunihoji kama hakimu."

Mama Sesilia alikuwa Mmakonde, Mkristo, ameshuka kutoka uwanda wa juu, kule Newala, na mumewe fundi seremala. Alikuwa na mwili mpana, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili, na Sesilia mwenyewe akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, amelala katikati ya kelele zile zote. Kazi yake ilikuwa kukaanga korosho na kuziuza kwenye vifuko vya vipande vya gazeti. Alikuja, akachuchumaa kando yangu, tope likamfika mapajani, akajibu. Mizizi inatokea huku pembeni mwa ncha. Huanza kama vipele. Inachukua muda, pengine wiki mbili, pengine zaidi. Kwa nini haifi kwa chumvi? Hajui, ila akijua ataniambia. Nilimpenda hapohapo. Katika watu wazima wote niliowajua, alikuwa wa kwanza kusema "sijui" bila kukasirika.

Kesho yake, maji yalipopwa, nilikwenda peke yangu kwenye mstari wetu na kung'oa mbegu moja.

Hakukuwa na kitu. Nikairudisha. Siku ya pili nikang'oa ileile, hakuna kitu. Siku ya tatu nikang'oa ya pili yake, kwa sababu huenda ya kwanza ilikuwa mbovu. Maji yalikuwa yanabadilisha saa zake kila siku na mimi nikawa nayafuata, natoka shule mbio, natupa daftari uani, naingia topeni. Kisha yakaja maji mafu, zile siku ambazo bahari haitoki wala haijai vizuri, nikakaa ufukoni nimenuna kama mtu aliyefungiwa duka. Yalipoanza kutoka tena nilikimbia. Nikang'oa.

Vilikuwapo! Vipele vyeupe vitatu kwenye ncha, kama meno ya mtoto yanayochungulia. Nilipiga kelele peke yangu kule mikokoni, kaa wote wakaingia mashimoni. Ilikuwa kweli! Mtu mzima alisema kitu kitatokea mahali nisipopaona, na kikatokea! Nataka muelewe furaha ile. Haikuwa furaha ya mti. Ilikuwa kama kiwanda cha baba kimefunguliwa.

Lakini mbegu moja si ushahidi. Nikang'oa ya pili. Nayo! Ya tatu. Nayo! Niliufuata mstari mzima, nang'oa, nashangilia, nachomeka, nang'oa, nashangilia, nachomeka. Na kesho yake nikarudi kuona kama meno yameota zaidi. Baadhi ya mbegu sikuziona. Nikafikiri kaa wamekula. Nyingine zilikuwa zimelala ubavu, zinaelea kwenye madimbwi. Nikazichomeka tena, kwa haraka, kwa sababu mpira ulikuwa unaanza.

Bamvua ilipokuja, mtaa ukateremka na vikapu na masufuria. Mstari wa Mama Sesilia ulikuwa umesimama kama watoto wa shule asubuhi. Mstari wa mwalimu wa dini ulikuwa umesimama. Wetu ulikuwa na kijiti chenye kitambaa cha manjano, kisha mapengo, kisha mbegu tano au sita zinazoinama, basi.

Bibi aliyapita mapengo yale mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaweka mikono kiunoni na kupaza sauti mpaka wapishi kule mchangani wakageuka.

"Mmakonde! Umekula mikoko yangu!"

Mama Sesilia hakuinua hata kichwa. "Nimeila. Tena haina chumvi."

"Mwizi mkubwa we! Mmeteremka mlimani kuja kutumaliza!"

"Mmwera na mti wapi na wapi? Mti mnaujua ukishakuwa kuni!"

"Nakupeleka polisi leo hii!"

"Nipeleke. Nikafie huko, nipumzike na harufu yako."

Nyinyi mnaosoma mmeshacheka. Na watu walicheka, walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa Dar. Kule mtaani kwetu niliwahi kuona kijana akipigwa kwa kuiba redio, na watu waliomzunguka walikuwa wanacheka vilevile, midomo wazi, wakishikana mabega. Kwangu kicheko hakikuwa ushahidi wa amani.

Na Bibi hakuishia maneno. Tulipopanda kurudi nyumbani alipita uani kwa Mama Sesilia, akamkamata jogoo wake, mwekundu mwenye mkia wa kijani, akambeba kwapani. "Huyu nitakaa naye mpaka mikoko yangu irudi," akatangaza. Mama Sesilia akapiga mayowe kwamba anaibiwa mchana kweupe. Hakuna aliyemsaidia. Jogoo akafungwa kwenye mguu wa kitanda cha Bibi, kitanda tulicholala wote wawili, na alfajiri akawika sikioni mwangu kama mtu anayenitaja jina.

Siku mbili nilibeba jambo lile. Nilimkwepa Mama Sesilia njiani. Niliposikia sauti yake nilipita nyuma ya vyoo. Nilitaka kusema, na kila nilipofungua mdomo mbele ya Bibi, nilimwona jogoo. Kama jirani anachukuliwa kuku kwa mikoko asiyoigusa, mimi niliyeigusa nitachukuliwa nini? Nikajiambia huenda ni maneno tu. Sheria yangu ilinisaidia hapo: neno ni neno tu, mpaka uone kwa macho.

Siku ya tatu nikaona kwa macho.

Nilikuwa natoka shule. Mbele yangu, kwenye njia ya kwenda ofisi za serikali, alikuwa anatembea Mama Sesilia na mtoto mgongoni, na pembeni yake askari mwenye sare. Askari amebeba kikapu cha Mama Sesilia. Hawakuwa wanazungumza. Wakaingia uani mwa kituo cha polisi, na geti la mabati likafungwa nyuma yao.

Nilisimama barabarani jua la utosini. Nakumbuka nilifikiria kikapu: kwamba mtu akiondolewa, vitu vyake hutangulia, kama sare na kikombe cha baba siku ile ya kiwanda. Nikamfikiria Sesilia, atalala wapi. Nikafikiri hakutakuwa na mtu wa kuniambia "sijui". Kisha nikakimbia, si nyumbani, bali mikokoni. Maji yalikuwa yamejaa nusu. Niliingia na sare yangu mpaka kiunoni, nikapapasa, nikang'oa mbegu moja iliyobaki, yenye mizizi mirefu kama kucha, nikarudi nayo mbio mpaka kituoni.

Mezani alikaa askari mwingine, mzee kidogo, anatafuna.

"Shikamoo," nikasema. Maji yalikuwa yananichuruzika kwenye sakafu yake.

"Marahaba. Umepotea, mama?"

"Hapana. Nimekuja kumtoa Mama Sesilia."

"Kumtoa wapi?"

"Ndani."

Akaacha kutafuna. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mimi ndiye niliyeng'oa."

"Umeng'oa nini? Jino?"

Nikaiweka mbegu juu ya daftari lake kubwa. Tope likasambaa. Aliitazama kwa makini sana, namshukuru mpaka leo kwa umakini ule.

"Hii bamia?"

"Ni mkoko. Una mizizi. Angalia mwenyewe. Niliing'oa yote kuangalia kama ni kweli, na Bibi amesema ameila yeye, na jogoo amekamatwa, sasa mnifunge mimi, yeye ana mtoto."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kupitia pale niliona uani askari watatu wamekaa kwenye ngazi, na katikati yao Mama Sesilia, kikapu mbele yake, anapima korosho kwa kikombe na kuzimimina kwenye vifuko vya gazeti. Ilikuwa siku yake ya kuuza pale. Yule askari alimsaidia kikapu kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. Kila kitu nilichokiona kilikuwa kweli, na chote nilichokielewa kilikuwa uongo. Nimesoma vitabu vizito juu ya jambo hilo baadaye, na hakuna kilichonifundisha zaidi ya mlango ule.

Mama Sesilia alikuwa amesikia. Kicheko kilimtoka kama kimepasuka, korosho zikamwagika, askari wakaanza kuziokota. Kisha akaniona uso. Akaziacha korosho, akaja, akanifuta makamasi kwa kanga aliyombebea mtoto.

"Umekuja kufungwa badala yangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na sare hii?"

Nikatikisa tena.

Aliichukua ile mbegu mezani, akanishika mkono, tukaondoka. Njia nzima aliishika ile mbegu wima, ncha chini, kichwa juu, kama mshumaa.

Alipofika uani kwetu akawa Mama Sesilia tena. "Mmwera!" aliita. "Toka nje! Nimekukamatia mwizi wako, anatoka ndani kwako, analala kitandani kwako! Sasa nataka jogoo wangu, nataka fidia, nataka na uduvi bakuli mbili kwa kuchafuliwa jina!"

Bibi akatoka na unga mikononi. Alisikiliza kisa chote. Katikati ya kisa akakaa chini kwenye kizingiti, na mwisho wa kisa alikuwa amelala ubavu, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anapiga udongo kwa kiganja. "Amekwenda polisi," alisema kila alipopata pumzi. "Mke mwenzangu amekwenda polisi."

"Wewe hukumwambia mimi ni mtani wako?"

"Nimwambie nini? Mtu anaambiwa mtani? Si anaonekana!"

Ndivyo nilivyofahamishwa. Wamwera na Wamakonde ni watani, walitukanana kabla sijazaliwa na watatukanana nikishazikwa, na siku Bibi atakapomwita Mama Sesilia kwa jina lake na kumwuliza hali kwa upole, siku hiyo ndiyo niogope.

Lakini Bibi alipomaliza kucheka alichukua ile mbegu, akaigeuza, akaigusa mizizi kwa kidole chenye unga. Sauti yake ilibadilika.

"Ulikuwa unang'oa kila siku?"

"Nilitaka kuona kama kweli."

"Ukaona?"

"Nikaona."

"Ukairudisha, halafu ukang'oa tena."

Kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka pale tulipokaa, na sote watatu tulijua ladha ya maji yake.

Nilingoja fimbo. Bibi akaingia ndani, akatoka na kopo kuukuu la mafuta ya kula, akanituma tope. Nikaleta. Akajaza kopo, akachomeka mbegu mpya, akaliweka kwenye kivuli cha mtungi.

"Huu wako," alisema. "Ung'oe utakavyo. Asubuhi, mchana, ukiamka kukojoa. Ile ya baharini ni ya watu."

Kwa hiyo niling'oa! Jamani, niling'oa. Kila siku baada ya shule watoto wa mtaa walijipanga kuona, na mimi nikawa mwalimu: nang'oa, naonyesha, nachomeka. Tulimwagia maji ya bahari, tukapima mizizi kwa rula, tukabishana. Mbegu ikafa. Bibi akanipa nyingine. Ikafa. Akanipa nyingine. Na bamvua ikifika niliupanda upya mstari wetu, mbegu moja baada ya nyingine, Mama Sesilia akinisimamia na kupiga kelele kwamba huyu Mmwera mdogo akipanda anaonekana kama anayezika.

Mbegu ya nne au ya tano ya kopo niliisahau. Sikujifunza subira, nisidanganye. Ulikuja tu msimu wa mpira. Mtaa wa pili walitutangazia mechi ya rambo, sisi tukawa tunafanya mazoezi mpaka tunaitwa kula kwa matusi, na kopo likabaki nyuma ya mtungi. Asubuhi moja naoga nikaliona. Majani mawili, ya kung'aa, yamefunguka kama viganja vinavyoomba dua. Nililia "Bibiii!" nikiwa na sabuni mwili mzima. Nilinyoosha mkono kuing'oa, nione na mizizi yake. Mkono ukafika kwenye shina. Ukakaa pale.

Tuliipeleka baharini bamvua iliyofuata, na kopo lake lote, Bibi akalipasua kwa panga pale pale mwisho wa mstari. Jogoo alikuwa ameshachinjwa kwa sherehe ya upatanisho ambao haukuhitajika. Wali uliungua.

Sijui kama mikoko ile ndiyo iliyookoa kisima. Najua mnataka niseme hivyo. Maji yaliacha kuwa na ladha baada ya miaka kadhaa, lakini miaka hiyohiyo kisima kilichimbwa zaidi, na upande wa kaskazini mchanga ulijirundika wenyewe bila kuombwa. Nimewauliza wataalamu. Mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema inategemea. Bibi nilipomwuliza alisema, "Wewe kunywa."

Siku ya mazishi yake sikuwahi, basi lilikwama njiani. Niliambiwa Mama Sesilia alifanya kazi ya mtani ipasavyo. Alijilaza kwenye mkeka wa marehemu, akakataa kuinuka, akasema haendi mtu kaburini mpaka alipwe jogoo wake. Aliigiza Bibi anavyotembea, anavyogombana na wauza mayai, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hayo yote sikuyaona. Kwa hiyo siku ya arobaini, harufu ile iliponifikia mlangoni, niliwaacha watu na hitima yao, nikateremka na nguo zangu za msibani.

Maji yalikuwa yametoka. Mistari haipo tena. Ni msitu, miti imepita kichwa changu, mizizi imetapakaa kama miguu ya buibui, na nyumba gani ilipanda upi hakuna ajuaye. Ila ule wa mwisho wa mstari wetu niliujua. Kwenye shina lake, chini kabisa, bati la kopo bado lilikuwa limeshikwa, limekula kutu, mti umelimeza nusu.

Nilipandisha gauni. Nikaingia topeni. Nikaushika mkoko wangu kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

"Mtoto huyu!" sauti ilisema nyuma yangu. "Kasoma mpaka kamaliza vitabu, na bado anakagua."

Mama Sesilia alikuwa amesimama mchangani, mnene zaidi, mwenye fimbo, kitambaa cha msiba kichwani. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Alinitazama, nami nikamwona anangoja. Uso wake ulikuwa mzito, wa mtu ambaye kwa siku arobaini hakutukanwa na mtu. Nikajua akiniuliza hali kwa upole, nitaanguka palepale.

Nikaweka mikono kiunoni, tope na yote.

"Mmakonde!" nikapaza sauti mpaka waliokuwa uani kwa Bibi wakageuka. "Umekula mikoko yangu!"

Alifunga macho kidogo. Kisha akaichomeka fimbo mchangani kwa pigo moja, ncha chini, kichwa juu.

"Nimeila," akasema. "Tena haina chumvi."